Shina la Mgomba Laweza Kupata Kazi Jikoni

Apitaye alfajiri katika soko la Kalerwe, kaskazini mwa Kampala, huona mikungu ya matoke ikishushwa, na kando yake akina mama wakiuza mafungu ya majani ya mgomba. Jani hilo ndilo karatasi ya jikoni ya Waganda tangu kale. Matoke hufungwa ndani yake yakapikwa kwa mvuke; na luwombo, yaani kitoweo cha kuku, nyama au karanga, hutiwa katika jani changa lililopitishwa motoni ili lilainike, likafungwa mithili ya kifuko. Chakula kikiisha kuliwa, jani hutupwa shambani likaoza.

Mshindani wa jani hilo ni kaveera, mfuko mwembamba wa plastiki. Sheria ya Fedha ya mwaka 2009 iliupiga marufuku, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2019 ikakataza tena mifuko iliyo chini ya maikroni 30. Hata hivyo mitaro ya jiji yausimulia bado. Tarehe 10 Agosti 2024 lundo la takataka la Kiteezi liliporomoka juu ya makazi ya watu, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Si haki kuutwika mfuko lawama yote ya msiba ule, lakini kisichooza hakipunguzi lundo. Ndiyo maana twapenda kumweleza mama msomaji habari za karatasi ya namna nyingine, iwezayo kuliwa pamoja na kilichofungwa ndani yake.

Karatasi hiyo hutokana na tunda. Rojo la embe lina sukari na pektini, kitu kile kigandishacho jamu. Likitandazwa jembamba na kukaushwa, huwa utando. Jaribu nyumbani. Menya maembe manne yaliyoiva, yaponde, uyapitishe katika chujio. Tia kijiko cha maji ya ndimu, chemsha kwa moto mdogo huku ukikoroga mpaka rojo liwe zito, kisha litandaze katika sinia lililopakwa mafuta kidogo. Lifunike kwa chandarua, uanike juani siku moja au mbili, mpaka lisishike kidoleni.

Utaona kasoro mbili mara moja. Siku za mvua utando hunyonya unyevu ukanata. Ukikauka kupita kiasi, hupasuka. Kwa mtoto autafunaye si neno. Kwa kufungia kitu, haufai.

Dawa yake mjenzi wa nyumba ya udongo anaijua: udongo mtupu hufanya nyufa, basi huukanda pamoja na nyasi. Mwaka 2009 watafiti wa Brazil na Marekani, miongoni mwao Henriette Azeredo wa shirika la utafiti wa kilimo la Embrapa, walitangaza kwamba wametia nyuzi nano za selulosi katika utando wa embe. Utando ukawa mgumu zaidi kukatika, na mvuke wa maji ukapenya kwa shida kuliko kwanza. Yaelekea nyuzi zile zilishikana ndani ya rojo kama wavu.

Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Unywele wa kichwani una upana wa makumi ya maelfu yake. Msomaji aweza kuuliza: mbona embe lenye nyuzi, lile liudhilo meno, halitoi utando imara? Kwa sababu nyuzi zake ni kamba zisizosokotolewa. Mwanzoni huzuia mwiko, na mwishoni utando huchanika kando yake. Katika maabara, kamba hizo huondolewa kwanza vitu vinavyozigandamanisha, kisha husagwa kwa nguvu nyingi ndani ya maji, hata zikawa kama uji mweupe.

Na selulosi Uganda haikosi. Mgomba huzaa mara moja tu. Mkungu ukikatwa, shina nalo huangushwa. Wahenga walisema mgomba haushindwi na mkunguwe, na sehemu ya nguvu hiyo ni nyuzi hizo hizo. Karibu na Kampala, kampuni ya TexFad huzitoa nyuzi katika mashina yaliyotupwa, ikazifuma mazulia na vitambaa. Kutoka uzi wa zulia hadi uzi nano ingali safari ndefu, tena ya gharama: mashine hula umeme mwingi, na dawa za kusafishia hazina budi kuondolewa kabisa kabla ya kitu kuingia kinywani. Kwa hiyo mama asikwangue shina bichi akatia katika rojo lake. Utomvu wake utaharibu ladha na kuacha madoa ya hudhurungi yasiyotoka nguoni.

Wala utando wa tunda, hata ulioimarishwa, hautafungia samaki mbichi au mchuzi, kwani maji huulainisha. Wafaa kitu kikavu: njugu, simsim iliyokaangwa, vipande vya nanasi lililokaushwa. Nao wenyewe wahitaji kifuniko cha nje, maana mikono ya sokoni ni mingi. Kwa sasa kifuniko cha bei nafuu kipo Kalerwe, kimekunjwa juu ya gunia, kikingoja mnunuzi.