Kilo Tano Zinazoyeyusha Chuma

Je, wajua kwamba mashine ya kuchomelea yenye uzito wa kilo tano au sita tu inaweza kuyeyusha chuma, ambacho huhitaji joto la nyuzi 1,538 za Selsiasi? Fundi hugusisha rodi kwenye chuma kisha huiinua kidogo. Umeme huruka katika upenyo huo mdogo, na joto hapo hufika maelfu ya nyuzi. Kwa mkulima, maana yake ni kwamba plau iliyokatika asubuhi inaweza kurudi shambani siku hiyohiyo.

Umeme peke yake hautoshi. Katika karne ya 19 watu walikuwa tayari wanaunga chuma kwa umeme, ila viungo vyao vilikuwa dhaifu, kwa sababu chuma kilichoyeyuka hunyonya oksijeni na naitrojeni ya hewani, kikapoa kikiwa na vitundu na kuvunjika upesi. Msweden Oscar Kjellberg, aliyekuwa akishughulika na ukarabati wa boila za meli, ndiye aliyeipatia rodi koti lake: aliichovya kwenye mchanganyiko mzito wa madini, ukakaukia juu yake. Koti hilo likiungua hutoa gesi inayoisukuma hewa kando, na masalia yake hufunika kiungo mpaka kipoe. Mwaka 1904 Kjellberg alianzisha kampuni ya ESAB, ambayo ingali inatengeneza rodi. Lile ganda ambalo fundi hulibandua kwa nyundo akimaliza ni masalia ya koti hilo.

Sasa, ununue mashine gani? Dukani utakuta za transfoma na za inveta. Transfoma ni koili za waya zilizozungushwa kwenye chuma. Ni nzito, lakini haina mengi ya kuharibika, na fundi wa mtaani anaweza kuisuka upya ikiungua. Inveta huukatakata umeme mara maelfu kwa maelfu kila sekunde, badala ya mizunguko 50 ya umeme wa gridi, na kadiri mizunguko inavyoongezeka ndivyo transfoma iliyomo ndani inavyoweza kuwa ndogo. Inveta nyingi hutoa umeme wa mkondo mmoja, hivyo moto wake ni mtulivu na mwanafunzi huumudu mapema. Kwa geti, toroli, kitoroli cha maji na plau, mimi naipendekeza inveta. Adui yake ni vumbi: ihifadhi penye ukavu, uipulize mara kwa mara.

Mashine za waya na gesi ziache kwanza. Upepo wa shambani huipeperusha gesi, na kiungo hubaki bila kinga.

Usinunue kwa kuangalia namba kubwa iliyochapwa mbele. Geuza mashine, usome kibati cha nyuma. Kikisema ampea 160 kwa asilimia 60, maana yake ni dakika sita za kuchomelea katika kila kumi, zilizobaki ni za kupoa. Rodi ya milimita 2.5 hutaka takriban ampea 60 hadi 100, na ya 3.2 hutaka 90 hadi 140. Kwa hiyo ampea 160 za kweli zinatosha nyumbani na shambani. Anza na rodi ya E6013, uifunge isipate unyevu.

Kisha tazama nyaya za nyumba. Ampea 100 kwenye rodi ni kama wati 2,400, kabla ya kuhesabu umeme unaopotea ndani ya mashine, na soketi ya kawaida ya ampea 13 hubeba takriban wati 3,000 tu. Mwite fundi umeme akuwekee laini ya peke yake.

Bomba lililopakwa zinki lisugue kwanza mpaka chuma kionekane. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, na moshi wake huleta homa na baridi ya mwili.

La macho ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu vijana wengi huchomelea kwa miwani ya jua. Mwanga ule una miale ya urujuanimno inayounguza uso wa jicho, na maumivu huja saa kadhaa baadaye, macho yakiwa kama yamemwagiwa mchanga. Nunua ngao yenye kioo namba 10 au 11 siku ileile unayonunua mashine, na kabla hujawasha, hakikisha watoto wameondoka: wao hupenda kutazama, na hawana ngao.