Kuruka kwa mwavuli msimu wa chini: Bei ndogo siyo unafuu

MKULIMA wa Kwashemshi, wilayani Korogwe, hahitaji kufundishwa maana ya msimu. Nyanya zikijaa sokoni, bei huanguka. Zikiadimika, aliyebahatika kuwa nazo hupanga bei anayotaka. Kwake yeye, msimu wa uhaba ndio msimu wa fedha.

Katika utalii mambo huenda kinyume. Kinachoadimika msimu wa chini ni mteja, siyo bidhaa. Vyumba vipo, magari yapo, ndege zipo, lakini wageni hawapo. Ndiyo maana mwezi Aprili na Mei hoteli za pwani, kuanzia Zanzibar hadi Diani nchini Kenya, hushusha bei, na nyingine hufunga milango kabisa hadi mvua za masika zipungue.

Kijana mwenye akiba yake anayetamani kuruka kwa mwavuli kutoka kwenye ndege huona hapo nafasi ya kujipatia starehe kwa bei ya chini. Wapo watakaosema hayo ni mambo ya wazungu. Siyo kweli. Askari wetu wa miavuli wameshangiliwa kwa miaka mingi wakitua uwanjani katika sherehe za kitaifa. Kilichobadilika ni kwamba sasa raia naye anaweza kulipia na kuruka. Swali la mchumi ni moja tu: je, bei ya msimu wa chini ni nafuu kweli?

Kwa msomaji wa mkoa wa Tanga, mahali pa karibu panapojulikana kwa mchezo huu ni Diani, kusini mwa Mombasa. Njia yake haina maajabu. Unatoka Kwashemshi hadi Korogwe mjini, unapita Segera hadi Tanga, kisha kilomita 65 za lami hadi mpakani Horohoro. Ukivuka uko Lunga Lunga, na kutoka hapo barabara inakufikisha Ukunda, mji ulio jirani na ufukwe wa Diani. Huna haja ya kufika Mombasa wala kupanda kivuko cha Likoni. Wafanyabiashara wa machungwa ya Muheza wanaijua njia hiyo vizuri.

Anayeruka kwa mara ya kwanza haruki peke yake. Hufungwa kifuani mwa mwalimu, wakatumia mwavuli mmoja mkubwa. Kwa kawaida ndege huwapandisha kati ya mita 3,000 na 4,000. Wakitoka mlangoni huanguka kwa mwendo wa karibu kilomita 200 kwa saa, kwa muda usiozidi dakika moja. Mwalimu hufungua mwavuli wakiwa kwenye mita 1,500 hivi, kisha huelea kwa dakika tano au zaidi hadi chini. Mgongoni kuna mwavuli wa pili wa akiba, pamoja na kifaa kinachoweza kuufungua chenyewe iwapo mwalimu atashindwa.

Je, ni hatari? Ndiyo, lakini hatari inayopimika. Nchini Marekani, ambako kumbukumbu hutunzwa kwa makini, chama cha warukaji kiliandika vifo 10 mwaka 2023 katika miruko ipatayo milioni 3.65. Takwimu hizo hazikupatikana kwa bahati. Zilitokana na vifaa bora, mafunzo, na utayari wa kukataa kuruka siku isiyofaa.

Hapo ndipo msimu unapoingia. Mchezo huu una maadui wawili, wingu na upepo. Rubani na mwalimu wanapaswa kuiona ardhi, kwa hiyo hawaruki ndani ya wingu. Upepo nao ukizidi, kutua kunakuwa kwa mashaka. Kwa mwanafunzi anayeruka peke yake, kanuni za chama hicho cha Marekani zimeweka kikomo cha maili 14 kwa saa, yaani kama kilomita 22. Alasiri za Julai katika pwani yetu, kusi inapovuma, hazikawii kufika hapo.

Tuitazame basi kalenda ya pwani sambamba na kalenda ya shamba.

Aprili na Mei ni masika. Vyumba ni bei ya chini, lakini mawingu ni mengi na mvua haina ratiba. Kwa mkulima wa Korogwe huo pia ni wakati wa palizi, na mfukoni fedha zimekwisha kwenye mbegu na vibarua. Julai na Agosti mahindi ya masika yanavunwa na fedha inaanza kuonekana, lakini kusi ina nguvu, na wageni wa Ulaya walio likizo wanapandisha bei za vyumba. Novemba huja mvua za vuli. Kuanzia Desemba kaskazi huvuma, na baada ya vuli anga hutulia, hasa Januari na Februari, lakini huo ndio msimu wa juu wa utalii. Krismasi na Mwaka Mpya ndipo bei hufika kileleni.

Kinachobaki ni kipindi ambacho mabaharia wetu wa jahazi walikiita tangambili, pale kusi inapochoka na kaskazi haijaanza. Mwishoni mwa Septemba hadi mapema Oktoba upepo hupungua, vuli haijashika, wageni wa Agosti wamerudi kwao, na mkulima ameshauza sehemu ya mahindi yake. Siyo msimu wa chini kabisa wala siyo wa juu. Ni katikati.

Tufanye hesabu ya mfano. Tarakimu hizi ni za kufikirika, kila mmoja aweke zake. Nauli na ada ya kuruka tuziache pembeni, tukichukulia hazibadiliki. Ada ya kuruka haishuki sana msimu wa chini, kwa sababu ndege hutumia mafuta yale yale, mvua inyeshe au jua liwake.

Tuseme malazi na chakula ni Sh60,000 kwa siku msimu wa chini, Sh75,000 katikati na Sh100,000 msimu wa juu. Tuseme pia kila siku uliyo mbali na shamba unamlipa kibarua Sh15,000. Msimu wa chini, kwa sababu ya mawingu, unahitaji kulala usiku wa nne ili upate asubuhi moja safi. Hizo ni Sh240,000. Ongeza siku tano za kibarua, Sh75,000. Jumla Sh315,000.

Msimu wa juu usiku wa siku mbili unatosha: Sh200,000, na siku tatu za kibarua Sh45,000. Jumla Sh245,000. Katikati, usiku wa siku mbili ni Sh150,000, na kibarua Sh45,000. Jumla Sh195,000. Hata ukiongeza siku moja ya akiba unafika Sh285,000, bado chini ya Sh315,000 za msimu wa bei ndogo. Chumba kilichokuwa rahisi kuliko vyote kimezaa safari iliyo ghali kuliko zote.

Kuna jambo jingine. Ndege ndogo zinazotumika katika mchezo huu hubeba warukaji wachache, na mwenye ndege hapendi kuirusha nusu tupu. Msimu wa chini unaweza kukuta anga ni safi lakini ndege hairuki, kwa kuwa mteja uko peke yako. Dawa yake ni kwenda kwa kikundi. Watu wanne waliokubaliana tarehe moja wana sauti katika kupanga bei, na wanampa mwenye ndege sababu ya kuwasha injini.

Je, msimu wa chini hauna kazi? Unayo, tena kubwa. Huo ndio wakati wa kupanga. Mwezi Mei mwenye hoteli na mwenye ndege wana muda wa kupokea simu na kusikiliza maombi ya punguzo kwa ajili ya Septemba au Oktoba. Kabla hujatoa arbuni, uliza mambo manne. Hali ya hewa ikiharibika, fedha inarudishwa au tarehe inasogezwa? Bima inamhusu nani na inalipa nini? Mwalimu ana leseni gani? Kikomo cha uzito ni kilo ngapi? Majibu yaandikwe, kwani maneno ya simu hayana risiti.

Muda huo utumike pia kushughulikia pasipoti au hati ya kusafiria ya muda, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano ambayo huulizwa mipakani. Mwenye shinikizo la damu, matatizo ya moyo au mgongo amwone daktari mapema. Aliyepanga pia kuzamia kwenye matumbawe ya Diani kwa mtungi wa hewa akumbuke kwamba kwa kawaida hushauriwa kuacha saa 24 kupita kabla ya kupanda ndege. Na ukipanga saa, chagua asubuhi, kabla upepo wa baharini haujakua.

Kuhusu fedha, nitasema wazi. Safari hii ni starehe, na starehe hailipiwi kwa mkopo wa VICOBA wala kwa fedha ya mbolea. Itengewe mfuko wake tangu mavuno ya vuli, kidogo kidogo. Ikifika Septemba mfuko haujajaa, Diani haihami. Subiri mwaka mwingine.

Lakini hasara kubwa kuliko zote haimo katika jedwali la shilingi. Ni ile ya mtu aliyefika ufukweni akiwa na siku moja tu. Amevuka mpaka, amelipa chumba, amewaaga jamaa zake kwamba anakwenda kuruka. Asubuhi mawingu yamefunga. Anaanza kumbembeleza mwalimu. Nauli imekwenda, arbuni imekwenda, atarudi nyumbani aseme nini?

Wachumi tunafundisha kwamba fedha iliyokwisha kutumika haipaswi kuamua hatua inayofuata, kwa sababu hairudi hata ufanye nini. Mkulima analijua hilo. Mahindi yakishakauka kwa jua, hamwagi mfuko mwingine wa mbolea eti kwa kuwa ameshamwaga wa kwanza. Mlangoni mwa ndege somo ni lile lile, ila gharama yake ni uhai.

Kwa hiyo siku ya akiba isionekane kama anasa katika bajeti. Ndiyo inayompa mrukaji uwezo wa kumwambia mwalimu, "Leo basi, tujaribu kesho," bila kuumia moyo. Anayepanga safari aanze kuhesabu gharama ya siku hiyo, ndipo ahesabu ada ya kuruka. Akiona haitoshi, basi bado hajawa tayari kwenda.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo.