Kulala na Kuamka kwa Kompyuta Mpakato katika Linux: Suala la Wajibu wa Kurejesha Hali ya Vifaa

Utangulizi

Mtumiaji anapofunika kompyuta mpakato, hutarajia kuikuta kazi yake kama alivyoiacha. Kwa miaka mingi mfumo wa Linux haukuyatimiza matarajio hayo kwa uhakika. Kompyuta ililala vizuri, kisha ikaamka na skrini nyeusi, na kazi ambayo haikuhifadhiwa ikapotea. Makala haya yanafafanua chanzo cha tatizo hilo na namna lilivyopunguzwa. Hoja ya msingi ni kwamba uhakika haukuletwa na orodha ya tiba za kila aina ya kompyuta, bali na kubainishwa kwa mwenye wajibu wa kurejesha hali ya kila kifaa.

Dhana ya Kulala

Kiwango cha ACPI, kilichotolewa mwaka 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba, kinabainisha ngazi kadhaa za usingizi. Katika ngazi ya S4, yaliyomo kwenye kumbukumbu huandikwa kwenye diski na umeme hukatwa. Katika S3, kumbukumbu ya RAM huendelea kupewa umeme kidogo, ilhali vifaa vingi vilivyobaki huzimwa. Kwa hiyo mtumiaji akiifunua kompyuta, data zake zipo, lakini kadi ya picha na kadi ya mtandao huenda zimepoteza mpangilio wake.

Chanzo cha Tatizo

Kompyuta inapowashwa upya, programu msingi ya ubao mkuu ndiyo huandaa kadi ya picha. Inapoamka kutoka S3, baadhi ya programu hizo zilirudia kazi hiyo, na nyingine hazikuirudia. Kwa upande wa Linux, mpangilio wa skrini ulikuwa mikononi mwa programu iliyo nje ya kiini cha mfumo. Hivyo kila upande ulimtegemea mwenzake.

Suluhisho la awali lilikuwa orodha. Programu ya s2ram ilibeba majina ya kompyuta zinazojulikana pamoja na mbinu inayofaa kila moja. Orodha hiyo iliwasaidia wengi. Hata hivyo, kila kompyuta mpya sokoni ilidai mstari mpya, na mwenye kompyuta isiyoorodheshwa alilazimika kubahatisha.

Kuhamishwa kwa Wajibu

Mwaka 2009, kuanzia toleo la 2.6.29, kiini cha Linux kilianza kupanga skrini chenyewe kwa kadi za Intel. Kadi za makampuni mengine zikafuata. Tangu hapo kiendeshi kilichomo ndani ya kiini huhifadhi hali ya kadi kabla ya kulala na kuirejesha baada ya kuamka, bila kujali programu msingi imefanya nini.

Aidha, kiini kina nyenzo za kubaini kosa. Faili ya /sys/power/pm_test humwezesha mpimaji kusimamisha zoezi katika hatua mojawapo: baada ya kugandisha programu, baada ya kulaza vifaa, au baadaye zaidi. Hatua inayoshindwa huonyesha mahali pa kutafuta. Nyenzo nyingine, pm_trace, huandika alama ya kifaa cha mwisho kwenye saa ya ndani, kwa kuwa saa hiyo haipotezi kumbukumbu kompyuta inapokwama na kuwashwa upya. Gharama yake ni kwamba saa husoma tarehe isiyo sahihi.

Changamoto Mpya

Kompyuta nyingi za sasa hazina S3. Badala yake, mfumo hubaki katika S0 huku kila kifaa kikipunguziwa umeme peke yake. Kiendeshi kimoja kisipotimiza wajibu wake, prosesa haifikii usingizi mzito, na betri huisha kompyuta ikiwa mkobani. Kosa limehama kutoka kushindwa kuamka hadi kushindwa kulala.

Hitimisho

Mabadiliko hayo yanaithibitisha hoja ya makala haya. Pale wajibu ulipoachwa bila mwenyewe, orodha hazikutosha; pale ulipokabidhiwa kiendeshi, marekebisho ya kiendeshi kimoja yalinufaisha kompyuta zote zinazokitumia. Hivyo upimaji wa kiendeshi haujakamilika kifaa kinapofanya kazi tu. Sharti kilale na kuamka mara nyingi mfululizo bila kukwama.