Natron Halijaungana na Bahari

Kila nikizungumza na watu kuhusu maziwa makuu huulizwa swali lile lile: ni ziwa gani limetoboka chini kwa chini hadi baharini? Wengine hawaulizi, wanataja kabisa. Natron, kwa sababu ya chumvi yake. Tanganyika, kwa sababu eti halina mwisho.

Mwisho upo na umepimwa: mita 1,470 hivi. Duniani ni Baikal tu la Siberia linalolizidi, kwa mita 1,642. Uso wa Tanganyika uko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo sakafu yake imeshuka karibu mita 700 chini ya usawa huo. Kama kuna ziwa letu ambalo bahari ingeweza kulifikia, ni hili. Mbona Kigoma, Kalemie na Bujumbura wanakunywa maji yake?

Sasa Natron. Liko mita 600 hivi juu ya bahari, na kina chake hakifiki mita 3. Nani aliyapandisha maji ya bahari huko? Kungekuwa na mfereji, Natron ndilo lingeteremka baharini likakauka. Na chumvi yenyewe ni nyingine. Ule utando mweupe wenye wekundu unaovunjika chini ya kiatu ufukweni kwa sehemu kubwa ni magadi, yale yale yanayotiwa kwenye makande yaive upesi. Ni madini yaliyooshwa kutoka kwenye miamba na majivu ya volkano, na mlima Oldoinyo Lengai uko hapo hapo kusini mwa ziwa. Mto Ewaso Ng'iro wa Kusini na chemchemi za moto huyaingiza. Hakuna mto unaotoka. Jua linachukua maji, madini yanabaki, mwaka baada ya mwaka.

Wasomi nao walishikilia habari hii ya bahari. J.E.S. Moore, Mwingereza, alitoa kitabu kizima mwaka 1903 akidai Tanganyika ni mabaki ya bahari ya kale, kwa kuwa lina yavuyavu na konokono wanaofanana na wa baharini. Sivyo. Ziwa lilizaliwa ardhi ilipopasuka kwenye Bonde la Ufa, na konokono wale walipata maumbo yao humo humo ziwani. Bahari ya Kaspi, ambayo kwa kweli ni ziwa, ndiyo iliyowahi kuwa sehemu ya bahari, na hadi leo haina mto unaotoka. Hata hivyo chumvi yake ni kama theluthi tu ya ile ya bahari.

Kwa hiyo ukitaka kujua chumvi ya ziwa, usiulize kama limeungana na bahari; uliza maji yake yanatoka kwa njia gani. Victoria hutoa maji Jinja, Nyasa kwa mto Shire. Tanganyika huyatoa kwa mto Lukuga, lakini kidogo; mengi huishia hewani, ndiyo maana lina madini kuliko Victoria.

Madini hayo hayawi ziwani tu: anayeishi karibu na maziwa ya magadi apeleke maji ya kisima maabara yapimwe floridi, madini yanayoharibu meno yakizidi. Kuchemsha huua vijidudu, hakuondoi madini. Kinga maji ya mvua kutoka kwenye bati, na uwape kwanza watoto ambao meno yao bado yanaota.