Mtoto Huyu wa Rangi ya Chungwa ni wa Nani?

Paukwa! Mkishaitikia pakawa, vuteni pumzi, maana tunazama hadi sakafu ya Bahari ya Atlantiki, mita 3,600 hivi kwenda chini, mahali wanasayansi wanapopaita TAG. Jua halijawahi kufika huko. Maji yanatoka ndani ya miamba yakiwa na joto la zaidi ya nyuzi 350 na bado hayachemki, kwa sababu uzito wa bahari nzima unayakandamiza. Yanafuka meusi tii kwenye dohani za mawe, na kwenye kuta za dohani hizo wamebanana kamba hata jiwe halionekani.

Mwaka 1986, Austin Williams na Peter Rona waliwatambua kuwa ni aina mbili: Rimicaris exoculata na Rimicaris chacei. Wakishakua hawasumbui sana kuwatofautisha. Exoculata hana macho mnayoyajua ninyi. Ana kiungo cha vipande viwili mgongoni, chini ya gamba linaloonyesha. Hakina lenzi, kwa hiyo hakiwezi kuona umbo la kitu, ila kimejaa kemikali ya kunasa mwanga hafifu. Pande za kichwa chake zimevimba, kwani ndani ya gamba amefuga bakteria wengi mno, na hao ndio wanaomlisha. Mimi nikiulizwa mfugaji hodari wa baharini ni nani, sitafuti mwingine. Chacei naye gamba lake halikutuna kiasi hicho. Ana bakteria wake pia, lakini hawategemei peke yao. Hula na vingine anavyovipata. Halafu exoculata ni maelfu kwa maelfu, ilhali chacei ni wachache waliojichanganya humo humo.

Na msidhani hayo ni mambo ya Atlantiki tu. Katika Bahari yetu ya Hindi, mbali huko mashariki ya Mauritius, yuko ndugu yao Rimicaris kairei, aliyepewa jina mwaka 2002.

Kizaazaa kilikuwa kwa watoto. Katikati ya umati ule wa Atlantiki walionekana kamba wadogo wa rangi ya chungwa, wembamba, gamba halijavimba. Ni wa nani? Mwaka 1996 mtaalamu Mrusi, Vereshchaka, aliwatazama kamba wadogo wa dohani za Atlantiki akaona ni aina ngeni kabisa, akawaita Iorania concordia. Mwaka uliofuata watafiti wengine wakawapa wale wa rangi ya chungwa jina lao, Rimicaris aurantiaca. Msiwacheke. Mtu asiyejua habari za chura, ukimwonyesha kiluwiluwi, atakuambia ni samaki.

Mwaka 1998 Timothy Shank na wenzake wa Marekani walisoma vinasaba vya wale wadogo, wakavilinganisha na vya wakubwa. Jibu likaja: hao ni watoto wa exoculata. Jina la aurantiaca likafutwa, na Iorania naye akaonekana kuwa exoculata ambaye hajamaliza kukua. Rangi ile ya chungwa inatokana na mafuta ya mwilini, akiba ya chakula alichokula mtoto alipokuwa bado anaelea mbali na dohani, chakula ambacho asili yake ni mimea midogo ya baharini inayoishi kwa jua. Akishatua dohani, akaanza kulishwa na bakteria, rangi hupotea.

Basi kila mtu akaridhika, kwa zaidi ya miaka 20. Hadi mwaka 2020, Pierre Methou na wenzake walipowapanga tena watoto hao mmoja mmoja, kwa maumbile na kwa vinasaba. Wakakuta wale wadogo kabisa, waliokuwa wakihesabiwa kuwa exoculata, walikuwa watoto wa chacei! Wakaandika alama mpya za mwilini za kuwatambulia, ili anayefuata asikisie. Kisha wakapima kaboni, naitrojeni na salfa katika nyama yao, kwani chakula huacha alama yake humo. Watoto wa aina zote mbili walikuwa wamekula chakula kitokanacho na jua kabla ya kutua, lakini alama zao hazikulingana: dalili kwamba maisha yao ya kuelea baharini hayakuwa ya namna moja.