Kisahani Juu ya Udzungwa: Picha Hii Tuiamini?

Tuseme, ndugu msomaji, kwamba mjomba wako aliyeko Ifakara amekuletea picha kwa simu. Milima ya Udzungwa imesimama nyuma, mashamba ya mpunga yametanda mbele, na katika anga kiko kitu cheusi cha mviringo, kisicho na mbawa wala mkia. Mjomba hajapata kusifika kwa uongo. Anasema alikipiga picha jioni, kandokando ya mto Kilombero. Watoto wamekwisha ingiwa na hofu, na jirani ameomba naye atumiwe. Utajibu nini?

Usianze kwa kumwita mjomba mzushi. Mtu aweza kueleza kwa unyofu alichokiona, na bado picha yake ikawa ya kitu kingine kabisa. Jirani naye mwambie asubiri, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haimchekei mtu atangazaye habari ajuazo kuwa ni za uongo ili kuupotosha umma.

Kisha omba picha ya asili, ile iliyobaki ndani ya simu iliyoipiga. Picha iliyokwisha pitia mikono ya watu kumi huwa imepunguzwa ubora, na mara nyingi tarehe na saa yake zimefutika njiani. Enzi za filamu wachunguzi walidai negativu kwa sababu hiyo hiyo. Siku hizi, ambapo kompyuta yaweza kubuni picha nzima pasipo kamera, dai hilo lina uzito zaidi.

Baada ya hapo tazama vivuli. Kwa mtu aliyeko Ifakara, jua huzama upande wa Udzungwa. Basi kama mjomba asema ilikuwa jioni, na kivuli cha mti kimelala kuelekea milimani, pana jambo la kuulizana. Si upuuzi huo. Tarehe 11 Mei 1950, mkulima Paul Trent, karibu na mji wa McMinnville huko Oregon, Marekani, alipiga picha mbili za kisahani, akasema ni za jioni. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Colorado, uliokamilika mwaka 1968, ulikaribia kuzikubali. Baadaye Robert Sheaffer alivichunguza vivuli vilivyo ukutani, akatoa hoja kwamba picha zilipigwa asubuhi. Tena juu ya hicho kisahani zilipita nyaya, na penye waya kitu chaweza kuning'inizwa kwa uzi. Trent na mkewe hawakukiri hila yoyote hadi kufa kwao.

Sasa ukubwa, ambao ndio mtego wenyewe. Picha haina rula. Mdudu wa sentimita 2 apitaye mita 2 mbele ya kamera huonekana sawasawa na chombo cha mita 20 kilicho umbali wa kilomita 2. Na bonde la Kilombero, ndugu msomaji, halijapungukiwa na wadudu! Lenzi ndogo ya simu huonyesha vya karibu na vya mbali kwa uwazi unaokaribiana, na mbawa za mdudu zinazopigapiga kwa kasi hutoweka, likabaki tumbo. Kaskazini, kwenye mashamba ya miwa, moto wa kabla ya kuvuna hurusha majivu meusi yanayoelea angani. Kipande kimoja tu chatosha kumtia mtu baridi.

Kama mjomba angeleta picha ya usiku, ya taa nyingi zilizopangwa mstari mmoja kama mabehewa ya TAZARA, jibu lingekuwa jepesi. Tangu Mei 2019 setilaiti za Starlink hurushwa kwa makundi, na siku za mwanzo huenda zikifuatana. Huonekana baada ya machweo au kabla ya mapambazuko, zikiakisi jua, kisha huzimika ghafula ziingiapo katika kivuli cha dunia.

Lakini yapo mambo yasiyoisha upesi hivyo. Tarehe 19 Februari 1951, rubani Jack Bicknell wa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, akitoka Nairobi kwenda Mombasa, aliona karibu na Kilimanjaro kitu cha rangi ya fedha chenye umbo la risasi. Abiria nao walikiona, na habari za wakati ule zilitaja picha zilizopigwa kutoka ndani ya ndege. Wapo watakaosema ni wingu. Milima mirefu hufinyanga mawingu yaliyotulia, laini kama sahani. Hata hivyo mashahidi walikuwa wengi, na rubani hutazama mawingu kila siku ya kazi yake.

Mwandikie mjomba, basi. Muulize alisimama wapi hasa, alielekea upande gani, kitu kile kilidumu kwa muda gani, na nani mwingine alikiona kwa macho, si kwenye kioo cha simu. Muulize pia kama alipiga picha nyingine dakika hiyo hiyo. Na mwombe asiifute.