UZI: Ule uwanja wa gofu ni wa nani, na ukifungwa ardhi inaenda wapi?

Kila kampeni lazima hii story itokee. Mgombea amesimama juu ya gari, ananyoosha kidole kwa ule uwanja wa kijani nyuma ya ukuta: "Ekari zote hizi, watu kumi wanapiga kampira, na nyinyi mnalala sita chumba kimoja!" Umati unashangilia. Kesho yake mpinzani wake anajibu kwamba uwanja huo ni mapafu ya mji na ni ajira ya vijana. Kila mmoja ana ukweli wake kidogo. Leo tufungue hili jambo pole pole, bila kutaja mtu wala chama, kama kawaida yetu hapa.

Kwanza tusichanganye vitu viwili. Uwanja wa gofu wa manispaa ni mali ya mji, kama soko au stendi ya matatu. Unafika, unalipa ada ya siku, unacheza, unaenda. Huhitaji wanachama wawili wa kukupendekeza wala ada ya kujiunga. Wamarekani walifungua wao wa kwanza mwaka wa 1895, ndani ya bustani ya Van Cortlandt, Bronx, New York.

Sisi huku tulirithi kitu kingine. Viwanja vyetu vingi ni klabu za wanachama, na kadhaa ni za enzi za ukoloni (ile ya Royal Nairobi ni ya 1906), wakati Mwafrika aliingia kama amebeba mkoba wa mzungu. Klabu ni ya wanachama, sawa. Lakini udongo ulio chini ya klabu mara nyingi ni wa kukodi kutoka kwa serikali, kwa miaka kadhaa iliyoandikwa kwenye hati.

Sasa hapo kwa "kukodi" ndipo wanasiasa hutuchezea. Kifungu cha 64 cha Katiba kinahesabu ardhi iliyo chini ya mkataba wa kukodi kuwa ardhi ya kibinafsi. Kwa hivyo mtu akikuahidi kwamba siku ya kwanza ofisini atavunja ukuta, muulize fidia itatoka wapi, maana kifungu cha 40 kinasema serikali ikichukua mali ya mtu kwa manufaa ya umma, inalipa, na inalipa haraka. Kinga hiyo haimfuniki aliyepata mali kinyume cha sheria, lakini hilo lazima lithibitishwe kwanza. Kelele za jukwaani hazithibitishi.

Mambo hubadilika mkataba ukiisha. Sheria ya Ardhi ya 2012, sehemu ya 13, inampa aliyekuwa amekodi nafasi ya kwanza ya kupewa tena, mradi ni raia wa Kenya na ardhi hiyo haihitajiki na serikali kuu au kaunti kwa matumizi ya umma. Soma hiyo ya mwisho mara mbili. Kaunti inaweza kusema "hii tunaihitaji", ikatoa sababu, na ikafanya uwanja wa umma bila kumnyang'anya mtu. Bustani na sehemu za burudani ni kazi ya kaunti, iko kwa Ratiba ya Nne ya Katiba. Ni mara ngapi umesikia mgombea akitaja mwaka ambao mkataba wa uwanja wa kwenu unaisha? Mimi bado.

Haya, tuje kwa ubishi wenyewe: hata ukiwa wa umma, gofu si kula ardhi bure?

Tupige hesabu. Uwanja wa mashimo 18 huchukua takriban ekari 100 hadi 200. Ukiruhusu kundi la watu wanne kuanza kila baada ya dakika 10, hao ni 24 kwa saa. Raundi moja ni saa nne na zaidi, na jua letu la ikweta linazama mapema, kwa hivyo wa mwisho aanze kama saa nane mchana. Ukifungua saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku iliyojaa kabisa inakupa watu 180. Mia na themanini, kwa ekari mia na kitu, wakati uwanja mmoja wa kandanda hautimizi hata ekari mbili. Anayesema hii ni anasa hajakosea, na anayependa gofu asikasirike na hesabu.

Lakini hesabu hiyo inadhani ni wachezaji peke yao wanaoweza kuingia. Nani alisema?

Nenda St Andrews, Scotland, mahali ambapo wapenzi wa gofu duniani kote hupaita nyumbani. Old Course ni ardhi ya umma. Jumapili, isipokuwa kukiwa na mashindano makubwa, hakuna kucheza: watu wa mji wanatembeza mbwa, watoto wanakimbia, wengine wanakula mandazi yao ya huko kwa nyasi. Siku za kazi sehemu kubwa ya nafasi hutolewa kwa bahati nasibu, na mkazi wa mji ana tiketi ya mwaka ambayo bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na anayolipa mgeni. Mgeni ndiye anagharamia nyasi ya mwenyeji.

Na hawakupewa hivyo na mtu. Mwaka wa 1552 askofu mkuu wao aliweka kwa maandishi haki ya wenyeji kucheza pale, huku yeye akibaki na ruhusa ya kufuga sungura. Ikafika 1797, baraza la mji limezama kwa madeni, likauza ile ardhi. Wanunuzi wakajaza sungura wa biashara, sungura wakachimba mashimo kila mahali, wenyeji wakawaua, kesi zikaenda mahakamani miaka na miaka. Mwaka wa 1821 ikanunuliwa na tajiri mmoja aliyependa gofu, na mambo yakatulia kidogo. Mji wenyewe uliirudisha 1894, tena kwa sheria ya Bunge. Karibu miaka mia moja ya kutafuta kitu kilichouzwa ili kulipa deni. Madiwani wa kaunti zenye bili ambazo hazijalipwa, hii tafadhali msiipite.

Kuwa "wa umma" kwa karatasi pia hakutoshi. Atlanta, Marekani, mwaka wa 1951, familia ya Holmes, baba daktari na wanawe wawili, walifukuzwa katika uwanja wa gofu wa manispaa kwa sababu ni weusi. Kodi walikuwa wanalipa kama wengine. Walishtaki mji, na Novemba 1955 Mahakama ya Juu ikaamua kwa faida yao. Mkesha wa Krismasi mwaka huo wakacheza. Klabu binafsi ingewaambia "hii ni yetu". Mji haukuwa na jibu hilo. Huku kwetu ubaguzi wa leo unaweza kuwa bei tu. Kaunti ikijenga uwanja halafu iweke ada ambayo mwalimu wa shule ya msingi hawezi kulipa, wamejijengea klabu kwa pesa zetu.

Sasa ile hofu ambayo sisi Wakenya tunaijua kwa mifupa. Ripoti ya Ndung'u ya 2004 ilionyesha jinsi ardhi za umma, zikiwemo za shule, misitu na barabara, zilivyogawiwa watu kinyume cha sheria. Uhuru Park yenyewe 1989 ilinusurika jumba la ghorofa 60 kwa sababu watu walikataa. Kwa hivyo nikisikia "tufunge gofu tujenge nyumba za bei nafuu", swali langu ni hati itaandikwa jina la nani. Uwanja wa gofu, pamoja na kiburi chake chote, angalau bado ni nyasi. Ukishageuka kuwa mageti na maghorofa haurudi.

Na kuna watu husahaulika pande zote mbili. Makedi, wale wanaobeba mikoba, wengi hulipwa kwa raundi na si waajiriwa. Uwanja ukifungwa, hawana barua ya kuachishwa kazi wala malipo yoyote. Kuna wakata nyasi. Kuna mama wa chai nje ya lango. Wengine wetu tulikua tukiokota mipira iliyopotea na kuiuza, na tulijua kila tundu la ule ukuta. Mpango wowote usiowataja hawa bado haujakamilika.

Kabla matumizi ya kiwanja yabadilishwe, lazima kaunti itoe kibali, na una haki ya kupeleka pingamizi. Ukitaka kujua uwanja wa karibu nawe uko wapi katika haya yote, tafuta nambari ya kiwanja kisha ufanye search kwa ofisi ya ardhi, au kwa Ardhisasa kama eneo lenu limeingizwa. Angalia vitu vitatu tu: jina la mmiliki, mkataba ulianza lini, na ni wa miaka mingapi. Weka majibu hapa chini, ila msiweke majina ya watu binafsi. Uzi ujao ni wa fidia.